Jibu: Nani alibuni madirisha na kipanya?

Ndugu, umeuliza kama Microsoft ndio waliobuni madirisha, yaani vile visanduku vya programu kwenye skrini ya kompyuta, na kipanya (mouse). Hapana, walikuta njia imeshafyekwa. Kipanya ni kazi ya Douglas Engelbart, mhandisi wa Marekani. Cha kwanza kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini, na alikionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968. Kampuni ya Xerox ya Marekani wakaunda kompyuta ya Alto mwaka 1973, na kwenye hiyo ndiko madirisha yalikokomaa. Apple wakatoa kompyuta za Lisa 1983 na Macintosh 1984. Windows ya kwanza ya Microsoft ilikuja 1985.

Ninachokipenda zaidi ni mchezo wa karata uliokuja na Windows 3.0 mwaka 1990. Watu walicheza, kumbe mikono inazoea kubofya na kuvuta. Nafundisha kompyuta steshenari moja hapa Dodoma. Juzi mama mmoja wa Kongwa alikuwa anakinyanyua kipanya na kukielekeza kwenye skrini kama rimoti ya tivii. Nikamfungulia karata. Baada ya nusu saa mkono umetulia mezani, anavuta nne nyekundu kuiweka juu ya tano nyeusi bila kuniuliza.