Kabla hamjagawa chakula, tengenezeni daftari

Katibu wa kamati ya huduma ya jamii katika usharika mmoja ameniandikia akiwa amechoka. Kila mwisho wa mwezi wanagawa chakula. Mwanzoni watu walishukuru, baadaye wakaanza kusukumana, na safari iliyopita mama mmoja aliondoka mikono mitupu akisema mbele ya wote kwamba chakula ni cha ndugu wa wazee wa kanisa. Kamati imepasuka. Wako wanaotaka huduma ifungwe, na wako wanaotaka mchungaji awahubirie watu juu ya shukrani. Anauliza awasikilize akina nani.

Amsikilize yule mama.

Lalamiko lake lina umri sawa na Kanisa. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwakemea walionung'unika wala hawakuwafundisha uvumilivu. Waliita mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wakawakabidhi kazi. Sasa yatazameni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Upande uliokuwa ukipunjwa ndio uliokabidhiwa chakula! Inaniuma kuona sura hii inasomwa kwa heshima siku ya kuwasimika mashemasi, kisha siku ya ugawaji hakuna anayeikumbuka.

Kwa hiyo anzeni na kamati. Watu saba hadi tisa wanatosha, na angalau watatu kati yao wawe wanaopokea msaada wenyewe. Hao ndio wanaojua nani anaona aibu kuja, nani yuko kibaruani saa mnayogawa, na ni kaya ipi imejiandikisha kwa majina mawili. Mchungaji asiwe mwenyekiti. Akiwa mwenyekiti, aliyenyimwa hana tena mtu wa kumpelekea shauri lake. Abaki nje ya ugawaji ili awe wa rufaa.

Kabla ya kununua hata gunia moja, watembeleeni watu wa kaya 20 au 30, wawili wawili, na maswali machache: Wiki iliyopita kulikuwa na siku ngapi ambazo mlikula mlo mmoja? Mkikwama, mnamwendea nani kwanza? Kabla hamjaanza kukwama, kulitokea nini? Swali la mwisho msiliruke hata mkiwa na haraka. Huko ndiko zinakotoka habari za mshahara uliozuiwa, kodi ya nyumba iliyopandishwa ghafla, kitambulisho kilichopotea, mume aliyeondoka. Yaandikeni majibu kwa maneno ya mwenyewe. Na msiahidi chochote siku hiyo. Ahadi inayotolewa mlangoni inafika mtaa mzima kabla ya jua kuzama, na mkishindwa kuitimiza hamtapata tena jibu la kweli.

Sasa hesabu. Mashirika ya misaada hupanga kwa kipimo cha kilokalori 2,100 (kipimo cha nguvu ambayo mwili hupata katika chakula) kwa mtu kwa siku. Fungu la msingi linalotumika sana ni gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi kwa mtu kwa siku, halafu unaongezwa unga wa lishe na sukari ili kipimo kitimie. Kaya ya watu watano kwa siku saba inahitaji kilo 14 za nafaka, kilo 2.1 za kunde, mafuta gramu 875, yaani lita moja kasoro kidogo, na chumvi gramu 175. Kaya 30 zinakula kilo 420 za nafaka kwa wiki moja tu. Fanyeni hesabu hii kabla ya kutangaza madhabahuni. Usharika unaoweza kulisha kaya 12 vizuri kwa miezi sita utumikie hizo 12, usije ukaita 80 mara moja kisha ukanyamaza. Na kama fungu lenu ni la siku tatu, semeni ni la siku tatu, ili mama apange zile nne zilizobaki.

Gaweni kwa idadi ya watu ndani ya kaya. Kumpa bibi anayeishi peke yake sawasawa na mama wa watoto sita kunaonekana ni haki machoni, ila mezani ni dhuluma. Pimeni kwa mizani, mbele ya mpokeaji, mkiwa mmekwisha kutoa uzito wa chombo. Kikopo kinacholundikwa kwa huyu na kukatwa sawasawa kwa yule ndicho chanzo cha nusu ya magomvi yote ya foleni.

Pale inapowezekana, acheni watu wachague. Pangeni vitu mezani, kila kimoja na pointi zake, na kila kaya ipewe pointi kulingana na watu wake. Mwenye kisukari ataacha sukari, asiye na kuni ataacha kunde zinazochukua saa tatu jikoni. Mkiona vifurushi vimetupwa nje ya geti, msiseme watu hawana shukrani. Mliwapa wasichoweza kupika. Mambo ya Walawi 19 iliagiza pembe za shamba zisivunwe, maskini aje avune mwenyewe, kwa mikono yake, kwa kadiri yake. Kuchagua ni sehemu ya msaada.

Siku ya ugawaji ndiyo siku ya kuvunjika au kusimama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Chukueni saa muone dawati moja la kuandikisha linatumia muda gani kwa kaya moja. Tuseme ni dakika tatu. Kaya 60 kwenye dawati hilo moja ni saa tatu, na watu watakaokuja alfajiri kwa hofu ya kukosa watasimama hizo saa zote. Madawati matatu yanamaliza kwa saa moja. Bora zaidi, toeni kadi zenye namba na saa: namba 1 hadi 20 wafike saa tatu asubuhi, 21 hadi 40 saa tatu na nusu, na kuendelea. Foleni inapungua siku hiyohiyo, maana watu husukumana wakihofia chakula kitaisha kabla zamu yao haijafika. Kwa hiyo wekeni pia ubao mlangoni unaoonyesha kiasi kilichopo na fungu la kila kaya. Mafungu yawe yamehesabiwa jana yake, na akiba ya sehemu moja kwa kumi iwekwe kando kwa makosa ya orodha.

Viti viwepo, maji ya kunywa yawepo, choo kiwe wazi. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wawe na dawati lao, na mtu wa kuwafuata walipokaa bila kutangaza kwa kipaza sauti kwamba "wagonjwa wapite mbele". Njia ya kuingilia isikutane na ya kutokea. Aliyebeba mzigo akipita katikati ya wasiopata bado, fujo imeshaanza. Anayepima asiwe anayeandika. Na jamaa wa mjumbe wa kamati ahudumiwe na dawati ambalo mjumbe huyo hakai, hata kama ni mhitaji kweli. Hasa kama ni mhitaji kweli.

Mkigawa chakula kilichopikwa, masharti yanaongezeka: kiive hadi katikati kifike nyuzi 70 za Selsiasi, kikae juu ya 60 hadi kinapoliwa, na kisikae nje ya moto au friji zaidi ya saa mbili. Sufuria kubwa likiachwa na mfuniko wake usiku kucha, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na vijidudu huzaliana humo. Kigawanyeni kwenye vyombo vipana visivyo na kina kabla ya kuweka kwenye friji. Kwa chakula kikavu, magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na kinachotangulia kuharibika ndicho kitangulie kutoka.

Daftari sasa. Safu zake: namba ya kadi, idadi ya watu katika kaya, tarehe, alichopewa, sahihi au dole gumba, na sababu ya kuja kwa maneno mafupi. Majina yawe kwenye kitabu kingine, kilichofungiwa, kinachoshikwa na watu wawili tu. Msiandike dhehebu la mtu, wala ugonjwa wake, wala maombi aliyoomba aombewe. Orodha ya wahitaji ikiachwa mezani mwa ofisi, baada ya wiki moja kwaya nzima inajua nani hana unga.

Picha ndizo zinazonichoma kuliko vyote. Mtu amesimama na mfuko, mzee wa kanisa ameushika upande mmoja anatabasamu, na kamera. Mwenye njaa hawezi kukataa kupigwa picha na anayempa chakula, kwa hiyo "ndiyo" yake haihesabiki. Pigeni picha magunia, pigeni mizani, pigeni ubao wa hesabu. Wafadhili wakidai nyuso, waambieni ukweli huo.

Wala msimfanye mtu akae ibadani ndipo apewe. Kanuni za maadili za mashirika ya misaada za mwaka 1994, ambazo Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, zinasema msaada usitumike kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Ibada itangazwe saa yake, mlango uwe wazi, anayetaka aje. Injili haihitaji njaa ya mtu kama kamba ya kumfungia.

Fedha nitazipitia haraka kwa kuwa kanuni ni fupi: wahesabuji wawili wasio ndugu, risiti zenye namba mfululizo, anayeomba malipo asiwe anayeidhinisha, na anayeidhinisha asiwe anayelipa. Paulo, katika 2 Wakorintho 8, alituma mchango pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili mtu awaye yote asiwalaumu. Kama yeye aliona haja hiyo, mhazini wenu asinune akiombwa vocha ya malipo. Na penye watoto, mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Tuhuma ikitokea iende kwenye vyombo vya dola, isimalizwe kwa kikao cha wazee.

Baada ya miezi mitatu, kamati ikae na ile safu ya sababu na kuhesabu. Hapa ndipo sharika nyingi hukwepa. Ikiwa kati ya kaya 40, kaya 15 zinasema mwajiri mmoja hajalipa, basi mnachogawa kila mwezi ni mshahara ambao mtu mwingine amekaa nao. Mnampunguzia yeye mzigo. Mtaendelea kuchangisha waumini hadi lini ili yeye asilipe?

Kudai haki kuna utaratibu wake kama kugawa unga. Desemba 1955, mjini Montgomery, Marekani, raia weusi waligomea mabasi yaliyowabagua, na mgomo ukaenda siku 381. Watu wanazikumbuka hotuba za Martin Luther King. Wachache wanakumbuka ratiba za magari: vituo vya kupakia na kushushia, madereva wa kujitolea, magari yaliyonunuliwa na kusajiliwa kwa majina ya makanisa, na bima iliyotafutwa hadi London baada ya kampuni za kwao Marekani kuifuta. Mfanyakazi wa ndani alihitaji kufika kazini kila asubuhi. Bila ile ratiba angerudi kwenye basi.

Kwa hiyo: hakikisheni madai kwa nyaraka, mikataba, hati za malipo, tarehe. Mwombeni mwanasheria, hata wa kujitolea, aseme sheria inataka nini. Andikeni barua moja, ukurasa mmoja, ombi moja, kwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kuamua, na tarehe mnayosubiria jibu. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye malalamiko tisa inajibiwa lile jepesi. Msimtaje mgombea wala chama, kwa sababu mkishahesabiwa kuwa upande wa mtu, barua zenu zitasomwa kama kampeni. Wenye shida waulizwe kwanza kama wako tayari majina yao yajulikane, maana wao ndio watakaofukuzwa, sio mchungaji. Wakisema bado, subirini.

Siku ya kuonana na huyo mwenye kuamua nendeni watu watano, wawili kati yao wenye shida hiyo, na hao wawili ndio waanze kusema. Mmoja wenu awe na kalamu tu, asiongee. Jioni hiyohiyo wakutanisheni wahusika wote muwaeleze mlichojibiwa, hata kama ni kukataliwa. Na kama mmekataliwa, someni sababu aliyoitoa neno kwa neno kutoka kwenye daftari, kwa kuwa barua ya pili inaanzia hapo.