Ubongo husoma kwa kukisia

Kuna meseji inayodai kwamba herufi za neno zikivurugwa, ya kwanza na ya mwisho zikibaki mahali pake, tunasoma bila taabu. Ni kweli?

Ina ukweli kiasi. Tangu 2003 meseji hiyo inataja utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge ambao haukufanyika huko. Mwanasaikolojia Keith Rayner na wenzake walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa maandishi ya Kiingereza: zilipovurugwa herufi za katikati, kasi ya kusoma ilishuka kwa asilimia 11, za mwisho, 26, za mwanzo, 36. Jaribu mwenyewe: "mwlaimu" inapita, "wmalimu" inakwamisha.

Nimepitia barua yangu mara tatu, mwenzangu kaona kosa papo hapo. Kwa nini?

Kwa sababu wewe tayari unajua sentensi inakoelekea. Jicho halitelezi juu ya mstari. Hutua kwa takriban robo sekunde, kisha huruka, na vijineno kama "ya" na "na" mara nyingi hurukwa kabisa. Ndiyo maana "ya" ya mwisho wa mstari ikirudiwa mwanzoni mwa unaofuata, huioni. Kosa baya zaidi ni lile linalozaa neno halali: "atamlipa" badala ya "atanilipa". Kompyuta hailipigii mstari mwekundu, na kwenye mkataba fedha zimeshahama mkono.

Liache andiko hadi kesho. Badili aina na ukubwa wa herufi, ulichapishe, mistari ikatike mahali pengine. Soma kwa sauti, rula ikifunika mistari ya chini. Kisha anza na sentensi ya mwisho ukirudi juu. Mtiririko ukikatika, ubongo hukosa cha kukisia. Majina, tarehe na fedha zina mzunguko wake wa ukaguzi: mmoja asome nakala ya awali, mwingine afuate tarakimu moja moja. Ukitafuta makosa yote kwa mpigo, yatakuponyoka.

Mbona naona uso mawinguni?

Madoa mawili na mstari chini yake vinatosha kuamsha sehemu ya ubongo inayotambua nyuso. Mwaka 1976 chombo cha anga cha Marekani, Viking 1, kilipiga picha ya kilima katika eneo la Cydonia, kwenye sayari ya Mirihi, kikafanana na uso kwa sababu ya vivuli vya jua la pembeni. Picha kali zaidi za 1998 na 2001 zilionyesha kilima tu.

Na picha ya uso iliyogeuzwa juu chini hunipoteza.

Uso tunautambua kwa mpangilio wake mzima, na mpangilio huo tumeuzoea ukiwa wima. Mwaka 1980 mwanasaikolojia Peter Thompson alikata macho na mdomo katika picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akavipindua na kuvirudisha. Picha ikiwa kichwa chini, inaonekana karibu ya kawaida, ikisimamishwa, inatisha.