Gari Likikubwaga, Likuambie Sababu

Jumamosi iliyopita tulishinda. Ilikuwa kwenye banda la gemu la rafiki yangu pale Sinza, Dar es Salaam: jozi nane, steji moja ndefu ya Kenya, yaani kipande cha barabara cha kukimbizana na saa, kwenye gemu la rali la EA Sports WRC, na kanuni moja niliyoipigania mwenyewe, kwamba sauti ya msoma ramani wa kwenye gemu, yule anayemtajia dereva kona zinazokuja, inazimwa na kila jozi inakuja na msoma ramani wake. Dogo wangu, dereva wa bajaji wa Makumbusho, ndiye aliyeshika pedi. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake na daftari mkononi, nikimsomea kona kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tuliwaacha wa pili kwa sekunde nne na ushee. Banda zima lilisimama. Nina miaka 38 na sikumbuki mara ya mwisho kupigiwa makofi namna ile.

Kesho yake asubuhi nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja wa Mbagala. "Kaka, habari za leo. Nimejibana mwaka mzima, nina laki saba. Ninunue usukani wa gemu? Halafu nianze na gemu la rali la uhalisia au lile la raha tu? Washkaji wananiambia ya uhalisia ni mateso." Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nimeshindwa, kwa sababu swali lake ndilo lililonifungia biashara mwaka 2017.

Nianzie huko. Mwaka 2016 nilifungua banda Mwananyamala. PlayStation 3 mbili (PS3) za gemu za mpira, na PS4 moja niliyoinunua kwa pesa niliyolipwa kazi yangu ya zamani ilipoisha. Kwenye PS4 niliweka DiRT Rally, gemu la rali la uhalisia la kampuni ya Codemasters. Wenye kompyuta walikuwa wameipata 2015, sisi wa PlayStation tukaipata mwaka uliofuata, na niliisubiri kama mtu anavyosubiri mgeni wa kutoka mbali.

Rali kwangu ni jambo la nyumbani. Marehemu baba alikuwa na hadithi za mbio za Safari Rally tangu zile za kwanza za 1953, magari yakipita barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliyempenda kuliko wote ni Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, aliyeshinda 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Baba alikuwa akiitaja ile 404 kana kwamba ni mtu wa ukoo wetu. Baadaye binamu yangu wa Ilala akaleta PlayStation ya kwanza na Colin McRae Rally ya 1998, nikajua kwamba huyo McRae ni dereva wa rali wa kweli, na alikuwa ameshinda Safari mwaka mmoja tu kabla. Akaja kuishinda tena 1999 na 2002. Basi nikawa wa huko moja kwa moja.

Kwa hiyo banda lilipofunguliwa niliona nina wajibu. Watoto wa mtaa walikuwa wamezoea DiRT 3, gemu la raha ambalo ukianguka unabonyeza kitufe, muda unarudi nyuma, unapita tena kona ileile kama hakuna kilichotokea. DiRT Rally haina kitufe hicho. Nikaandika kwenye karatasi ngumu kwa herufi kubwa nikabandika juu ya televisheni: HAPA HATURUDISHI NYUMA. Mpira shilingi mia tano kwa mechi, rali shilingi elfu moja kwa nusu saa. Nikazima misaada yote ya gemu ya kumsaidia dereva kwenye mipangilio, nikaweka gia za mkono, nikafungua barabara za Ugiriki, milima na mabonde. Nikakaa pembeni nikisubiri watu wapate raha niliyokuwa nayo mimi.

Walikuwa wanaanguka kona ya tatu. Sisemi wengi wao, nasema wote. Anakuja kijana amelipa elfu yake, anakanyaga mafuta, kona inafika, anakata usukani huku bado amekanyaga, gari linakwenda moja kwa moja bondeni. Anaanza upya, anaanguka palepale. Dakika kumi baadaye anaomba ahamishiwe kwenye mpira. Mimi nilikuwa nawaambia neno moja tu: "Punguza mwendo." Nilikuwa sahihi, na halikuwasaidia chochote.

Hapa nieleze kidogo, maana ndiyo kiini. Gari likiwa kwenye changarawe halikati kona kwa sababu umezungusha usukani. Linakata kwa sababu tairi za mbele zimepata uzito wa kuzikandamiza chini. Ukigusa breki kabla ya kona, uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinauma ardhi, nyuma inakuwa nyepesi na inaanza kuserereka kwenda nje, na hapo pua ya gari inageuka yenyewe kuelekea unakotaka. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, mbele inakuwa nyepesi, usukani unageuka kama wa mdoli. Yule kijana wa bondeni alikuwa anafanya hivyo: anaomba kona huku amezinyima tairi zake uzito. Kwenye magemu mepesi gari linazunguka kama limechomekwa mti katikati ya paa, wewe zungusha tu. Akitoka huko kuja DiRT Rally bila mtu wa kumweleza, anaona gemu linamwonea.

Na mimi sikumweleza. Nilimwachia bango.

Siku moja rafiki yangu wa karibu, mtu niliyekuwa nampikia chai pale bandani, aliniambia mbele ya wateja: "Watu wanatoka kazini kuja kupumzika, wewe unawapa adhabu na unawatoza elfu moja." Nilimjibu vibaya. Nilisema anayetaka magari ya watoto aende kwingine. Watu walinielewa nilivyosema, wakaenda kwingine. Sentensi ile ya rafiki yangu bado inaniuma, na inaniuma zaidi kwa sababu alikuwa amekosea jambo moja tu: adhabu haikuwa gemu, ilikuwa mimi.

Dogo wangu alikuja kipindi hicho biashara ikiwa imeshalala. Alikuwa na miaka 13 hivi, hana hela, anasimama mlangoni. Nikamwacha acheze bure kwa kuwa PS4 ilikuwa inakaa bila mtu. Naye akawa anaanguka kona ya tatu. Ila huyu aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kaka, huyu mzungu anaongea nini?"

Nilibaki kimya. Miezi yote ile msoma ramani alikuwa anawaambia kila kitu. Alikuwa anawaambia kona inayofuata ni ya kulia, ukali wake ni tatu, inabana mwishoni, usikate kwa ndani kuna jiwe. Anawaambia mapema, kabla kona haijaonekana. Kwa Kiingereza cha haraka haraka, na namba ambazo hakuna aliyewafundisha kwamba moja ndiyo kona kali kabisa na sita ndiyo ile ya kupita bila kuachia mafuta. Nilikuwa nimewaweka vijana wa Mwananyamala barabarani wamefumbwa macho, halafu nikawalaumu kwa kuanguka.

Nikazima ile sauti. Nikasimama nyuma yake nikaanza kumsomea mwenyewe kwa kukumbuka: "Kulia tatu, inabana! Usikate! Nyoosha, nyoosha. Kushoto mbili, breki sasa!" Mara ya nne alimaliza steji nzima. Gari halikuwa na taa, bampa linaburuzika, tairi moja ina pancha, lakini alimaliza. Alipoanguka mara tatu za mwanzo alikuwa akigeuka na kuniambia mwenyewe kabla sijasema: "Nimechelewa breki." "Nimekata, nimegonga jiwe." Na kila baada ya kusema hivyo alitaka kurudia palepale, upesi, kabla hajasahau.

Wiki chache baadaye mwenye nyumba akapandisha kodi na sikuwa na cha kumlipa. Miaka ya katikati naiacha, haina la kusimulia.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa Mbagala. Swali la uhalisia au raha limekaa upande, na limekaa upande kwa watu wengi. Gemu la rali liko sawa pale ambapo ukianguka unajua kwa nini umeanguka. Basi. Sega Rally ya miaka ya tisini, ile ya kuweka sarafu, hakuna mtu anayeiita halisi, lakini lami yake na tope lake vinashika tairi tofauti, na unaanza kubadili mkono kabla hujafika kwenye tope. Art of rally ya 2020 unaiangalia kutoka juu, magari kama vya kuchezea watoto, hata msoma ramani hana, lakini uzito wa gari unahama kama nilivyoeleza pale juu. Asiyegusa breki kwa wakati hatapita. Na upande wa pili kuna Richard Burns Rally ya 2004, iliyopewa jina la bingwa wa dunia wa 2001, ngumu kuliko zote nilizocheza, ambayo mpaka leo watu wanaiongezea barabara na magari. Hiyo nayo inakuambia sababu. Inakuambia kwa ukali, lakini inakuambia.

Kinachonikera ni kuona watu wazima wanashindana kuzima misaada ili waonekane wanaume, halafu wanawacheka wanaotumia pedi. Nilikuwa mmoja wao, najua walipo. Ugumu usio na maelezo haumfundishi mtu, unamfukuza. Washa misaada yote ikibidi. Tumia kitufe cha kurudisha nyuma, lakini kabla hujabonyeza sema kwa mdomo kosa lako lilikuwa nini. Ukishindwa kulisema, angalia marudio mpaka uweze. Kisha zima msaada mmoja. Mmoja tu, siyo vyote kwa siku moja kama nilivyowafanyia wale vijana.

Na mtafute wa kukusomea. Hapa sitanii hata kidogo. Sébastien Loeb alichukua ubingwa wa dunia mara tisa mfululizo, 2004 hadi 2012, akisomewa na Daniel Elena kwa Kifaransa, lugha yao. Kalle Rovanperä, aliyekuwa bingwa 2022 akiwa na miaka 22 na akashinda Safari mwaka huohuo na tena 2024, alikuwa akisomewa na Jonne Halttunen kwa Kifini. Hakuna aliyewaambia wageuze lugha kwanza ndipo wakate kona. Madereva wa rali wanapita barabara mara mbili polepole kabla ya mbio, wanaandika manoti yao kwa maneno yao. Sisi kwa nini tuone aibu? Nilichofanya mimi kwa ajili ya Jumamosi ni hicho hicho: usiku sita niliendesha steji ile polepole kwenye mashine yangu ya nyumbani, nasimama kila kona, naandika. Kurasa kumi na moja. Dogo akamaliza kazi ya bajaji saa mbili, anapita kwangu, namsomea, anarekebisha. "Hapa sema mapema kaka, vumbi linanizuia."

Usukani sasa. Ninao mmoja, Logitech G27 wa mtumba, umefungwa kwenye fremu niliyochomelewa mtaa wa Gerezani na kiti kilichotoka kwenye daladala iliyokatwa. Naupenda na siuzi. Lakini laki saba zako usiziguse kwanza, mdogo wangu. Usukani unakuletea mkononi kile ambacho gari linafanya: unakuwa mwepesi tairi za mbele zikipoteza ardhi. Kama hujajua tairi zinapotezaje ardhi, utakuwa na kitu cha bei ghali kinachotetemeka. Waliobaki nyuma yetu Jumamosi, wawili walikuja na usukani wao. Dogo alitumia pedi ya bandani, ile ambayo kitufe chake cha kushoto kinabonyea kwa shida.

Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Najua nimeshasema. Niliwaambia vijana wa Mwananyamala hivyo hivyo mara elfu, sikuwaambia kwa nini, na leo nakuambia wewe na sababu yake juu.

Mwezi ujao tunarudi Sinza, na safari hii ni Ufini. Maneno yetu mengi yamekaa: "inabana", "inafunguka", "usikate", "tuta", "shimo". Tumekwama kwenye moja. Barabara za Ufini zimejaa vilima ambavyo ng'ambo yake haionekani, gari linaruka kabla hujajua kona iliyo mbele. Dogo anataka tuite "ruka", lakini siyo kila kilima kinarusha, na akisikia "ruka" anakaza mikono. Mimi nimejaribu "kilele", ni refu, nikifika silabi ya tatu ameshapita. "Mgongo" nimeliandika kwa penseli. Mwenye neno fupi zaidi aniandikie kabla ya tarehe 15, maana baada ya hapo natumia kalamu ya wino.