Binti amesahau kugawa mahindi

Dada, umesema binti yako wa kidato cha pili alipewa 2x + 5y = 10 aiandike kwa umbo la y = mx + c (m ni gradienti, yaani ukali wa mwinamo wa mstari; c ni pale unapokata mhimili wa y), akapata y = −2x + 2, mwalimu akamkosesha bila maelezo. Kosa hilo nalijua. Jioni huwa nawasaidia hesabu watoto wa majirani hapa Umoja, na kila muhula lazima mmoja aniletee lilelile.

Hatua ya kwanza yuko sawa: 2x ikivuka alama ya sawasawa inakuwa hasi, tunabaki na 5y = −2x + 10. Kasheshe iko kwenye kugawa kwa 5. Amegawa 10 tu, −2x akaiacha ilivyo. Mimi nilipokuwa shuleni kaka yangu alinishika hapo hapo, tukiwa jikoni, sufuria ya githeri iko mekoni. Akaniuliza, "Tuko watano. Maharagwe utatugawia sote, halafu mahindi yote umpe nani?" Sijawahi kusahau tena. Kila kilicho upande ule kinagawanywa, kwa hiyo y = −⅖x + 2.

Mfundishe pia kujikagua. Aweke x = 5. Mlinganyo wa mwanzo unampa y = 0, wake unampa −8. Lakini asijaribu kwa x = 0 peke yake, maana yote miwili inatoa 2! Hapo ndipo wengi wanapodanganyika: c ni sahihi, mstari unakata mhimili wa y panapotakiwa, ila gradienti yake ni kali mara tano.

Mtego mwingine ni y ikiwa na hasi. Chukua 3x − 4y = 12. Unapata −4y = −3x + 12, kisha unagawa kwa −4, na alama zote mbili za kulia zinageuka: y = ¾x − 3. Mimi niliandika +3 kwenye mtihani, nikachora mstari mzuri ajabu, sehemu siyo.

Akishazoea, maswali ya mistari sambamba yatakuwa rahisi: m zinalingana, c zinatofautiana, basi.

Na akikutana na x = 4 asihangaike kuibadilisha. Hakuna y ya kuiacha peke yake; mstari huo umesimama wima kama mlingoti, na gradienti hauna.