New Orleans kwa siku moja na bibi na watoto: agizeni nusu, kaeni sana

Mito niliyokulia nayo unateremka kuifikia. New Orleans ni kinyume. Unavuka barabara, unapanda ngazi, ndipo unaukuta Mississippi umejaa mbele yako, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Mama yangu alikuwa amekuja Houston, Marekani, kututembelea kutoka Tanga. Alifika katikati ya zile ngazi, akashika chuma, akageuka kuuangalia mji tuliouacha nyuma.

"Yaani maji yako juu, watu wako chini?"

Ndiyo, mama.

"Na usiku wanalala?"

Wanalala, lakini si kila siku kwa amani. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa bahari, na kinachouzuia mto usiingie vyumbani ni tuta. Kimbunga Katrina kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005, kuta za mifereji zilibomoka na kiasi cha asilimia 80 ya mji kikafunikwa na maji. Maelfu ya watu walikimbilia Houston, na mmoja wao ni jirani yetu, mama mtu mzima ambaye hakurudi tena kuishi kwao. Nilipomwambia tunakwenda New Orleans na tuna siku moja tu, hakunipa orodha ya majumba ya makumbusho. Aliniambia nisiagize sahani nzima mahali popote mpaka jioni, na kila tutakapopata kivuli tukae. Karibu yote nitakayowaambia hapa ni ushauri wake, pamoja na makosa niliyoyaongeza mwenyewe.

Kwanza, gari. Kutoka Houston ni kilomita 560 hivi kwa barabara ya I-10, saa tano na nusu kama hamna mtoto wa miaka sita anayeomba kujisaidia kila mnapokaribia daraja refu. Tuliendesha Jumamosi, tukalala hoteli ya nje ya mji, Metairie, na asubuhi tukaliacha gari hukohuko, tukaita teksi ya simu. Safari ya nyuma nilikwenda na gari mpaka ndani ya French Quarter, mtaa wa kale wa mji, nikaegesha nisipotakiwa kuegesha, na faini niliyolipa ingetosha chakula cha watu watano. Mitaa ile ni myembamba na vibao vya maegesho vinataka msomaji mvumilivu.

Nendeni mwezi wa tatu au wa nne, au subirini Novemba. Julai na Agosti joto lake ni la Tanga lisilo na upepo wa bahari.

Saa moja asubuhi tulikuwa Café du Monde, ambayo imekuwepo pale soko la French Market tangu 1862. Ukifika saa tatu utakuta foleni imezunguka jengo. Huhitaji kuwaza uagize nini, maana wanauza kahawa, vinywaji vingine vichache na beignet, maandazi ya Kifaransa, basi. Beignet tatu kwenye sahani, za pembe nne, za moto, juu yake kilima cha sukari ya unga. Tuliagiza sahani mbili kwa watu watano, na moja ilibaki.

Mama aliishika moja, akaipasua kwa vidole viwili kama anavyokagua mahamri ya mtu mwingine, akatazama ndani.

"Haya ni mahamri," alisema. Akatafuna. "Hayana iliki." Akatafuna tena. "Wala nazi hawakutia. Lakini aliyeyachoma anajua moto."

Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa. Mke wangu amesubiri miaka kumi na mbili na bado hajaambiwa anajua moto. Angalizo moja: msicheke wala kuvuta pumzi mkiwa mnaing'ata. Mdogo alipiga chafya na sote tukavaa sukari mpaka jioni. Kahawa yao inachanganywa na chikori, mzizi uliokaushwa na kukaangwa, mazoea yaliyoshika kasi wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kahawa ilipoadimika. Inakuja nusu kahawa nusu maziwa ya moto. Bebeni noti ndogo ndogo, zitawafaa siku nzima.

Kutoka pale mnavuka, mnapanda zile ngazi, mnakaa kwenye benchi. Tulikaa karibu saa nzima, na kama ningerudia ningekaa mbili. Meli za mizigo zinapita karibu kiasi cha kusoma jina, na kwa kuwa mto unapiga kona kali hapo, unaona meli inageuka kama lori kwenye uchochoro. Binti yangu wa miaka kumi na moja alishuka chini uwanjani, Jackson Square, akarudi mbio kusema kwamba akiwa kule anaiona meli ikipita juu ya watu. Ni kweli, shukeni mkaangalie. Mwezi wa tatu na wa nne theluji za kaskazini huwa zinayeyuka na mto unapanda, kwa hiyo ukiwa uwanjani unaona sehemu ya juu ya meli ikitembea nyuma ya tuta.

Ipo pia meli ya mvuke, Natchez, yenye gurudumu jekundu nyuma, na kinanda cha mvuke kinachopigwa kabla ya kung'oa nanga, sauti yake inafika mitaa kadhaa. Tiketi za familia nzima zinauma. Sikilizeni kinanda bure, kisha tembeeni mpaka mwisho wa Canal Street mkapande pantoni ya kwenda Algiers, ng'ambo ya mto. Tulilipa dola 2 kwa mtu mzima kwa upande mmoja. Ni mto uleule, na upepo uleule, na mnauona mji wote ukirudi nyuma na minara ya kanisa kuu la St. Louis ikiwa katikati. Haifiki dakika kumi. Mama alijisikia yuko Kigamboni, akashangaa tu mbona hakuna anayesukumana. Ng'ambo ni mtaa wa nyumba za mbao na njia ya miguu juu ya tuta. Watoto walikimbia walivyotaka, bibi akakaa. Chakula si sababu ya kwenda huko, sababu ni kukaa.

Kuhusu French Quarter yenyewe, pitieni Royal Street asubuhi, kuna roshani za chuma na wapiga muziki wa barabarani. Bourbon Street iacheni. Hata saa nne asubuhi inanuka pombe ya jana. Na mtu akikufuata akisema anaweza kukuambia viatu vyako umevipata wapi, mpungie mkono uendelee na safari. Ni mtego wa lugha. Kwa Kiingereza cha mtaani neno la "ulivipata" ndilo hilohilo la "unavyo," kwa hiyo jibu lake ni kwamba unavyo miguuni, katika mtaa huu huu, na sasa umlipe. Mimi, msomi wa familia, niliingia mzima mzima. Dola 5. Binti yangu bado ananikumbusha kila ninapovaa viatu.

Sasa mchana, na hapa ndipo penye jambo zito. Kama familia yenu haili nguruwe, someni hapa mara mbili.

Tuliingia mkahawa mdogo, jina lake nitalihifadhi, nikamwagizia mama wali na maharage mekundu. Nilimwona amechoka, nikajiambia huyu mtu wa Tanga nimpe wali maharage atulie. Maharage yalikuja mazito, yamepondeka kidogo, yananukia bizari ya majani na pilipili hoho. Alikula vijiko viwili, akasema ni matamu, ila yana ladha asiyoijua. Ndipo nikasimama kwenda kuuliza, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kukaa. Yalikuwa yamepikwa na mfupa wa paja la nguruwe. Mhudumu hakuwa na kosa lolote. Hakuna aliyemuuliza.

Nilirudi mezani nikamwambia mama ukweli. Aliweka kijiko chini polepole, akanywa maji, akasema, "Mola anajua sikukusudia. Wewe ndiye ulete swali kabla ya chakula." Kisha akaomba ndizi iliyokuwa kwenye mkoba wa mke wangu.

Baadaye jirani yetu alinieleza kwa nini nilipaswa kujua. Kwao maharage mekundu ni chakula cha Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, mtu hana nafasi ya kusimama jikoni, basi anainjika maharage pamoja na mfupa uliobaki kwenye nyama ya nguruwe ya Jumapili, yanachemka yenyewe kutwa nzima. Mfupa ndio upishi wenyewe, hakuna anayeutaja kwenye menyu kama sisi tusivyotaja chumvi. Kwa hiyo usiulize "kuna nyama?" Uliza kwa majina: soseji, hemu, mafuta ya nguruwe, na supu iliyotumika kupikia. Uliza hata kwenye mboga za majani, na hata kwenye gumbo ya samaki, mchuzi wao mzito, maana wengine hutumbukiza soseji humohumo. Jambalaya, ambayo mtu wa pwani akiiona anaona pilau iliyotiwa nyanya, karibu kila mara ina soseji ya nguruwe. Kwenye vitamu ulizeni pombe: pudini yao ya mkate humwagiwa mchuzi wa wiski, na zile ndizi za kuwashwa moto zimeogeshwa ramu.

Kilichotuokoa mchana ule ni po'boy ya kamba. Ni mkate wa Kifaransa, nje unavunjika, ndani ni pamba, umejazwa kamba wa kukaanga, letusi na nyanya. Agizeni nusu, tena nusu moja kwa watu wawili. Bado ulizeni kinachokaangwa kwenye mafuta yale. Inasimuliwa kwamba jina lilitokana na mgomo wa wafanyakazi wa tramu wa 1929. Ndugu wawili wa ukoo wa Martin, waliokuwa wafanyakazi wa tramu kabla ya kufungua mkahawa, waliwalisha wagomaji bure, na kila mgomaji alipoingia jikoni walisema amekuja maskini mwingine, kwa Kiingereza "poor boy," likafupishwa likawa po'boy. Niliwasimulia watoto hayo tukiwa ndani ya tramu yenyewe, ile ya kijani ya St. Charles Avenue. Njia hiyo ina huduma tangu 1835. Dola 1.25 kamili mkononi, dereva harudishi chenji. Mabehewa ni ya miaka ya 1920, viti vya mbao, madirisha mnayafungua wenyewe, hakuna kiyoyozi. Kaeni upande wa dirisha. Miti ya mialoni imeinamia barabara na kwenye matawi zilikuwa bado zinaning'inia shanga zilizorushwa kwenye Mardi Gras, sherehe zao za kabla ya Kwaresima. Mdogo alihesabu miti yenye shanga mpaka akasinzia, bibi naye akasinzia, na sisi tukaenda mpaka mwisho wa njia tukarudi bila kuwaamsha. Kwa dola mbili na nusu kila mmoja, mapumziko ya mchana yenye mandhari.

Njiani kurudi tulinunua praline, peremende bapa za sukari, maziwa na karanga za pecan. Kashata, kwa kifupi. Mama alisema hii kashata imelewa sukari. Moja inatosha watu watatu.

Tulichagua Jumapili kwa makusudi, kwa ajili ya Congo Square. Uwanja uko ndani ya bustani ya Louis Armstrong, mtaa wa Tremé, hatua chache kutoka French Quarter, na watalii wengi hawafiki. Zamani watumwa waliruhusiwa kupumzika Jumapili, wakakusanyika hapo kuuza walichonacho, kupiga ngoma na kucheza. Mwaka 1817 serikali ya mji iliamuru mikusanyiko yao iwe mahali pamoja tu, na mahali penyewe pakawa hapo. Sehemu nyingi za Marekani ngoma zilikuwa marufuku kwa watumwa. Hapa zilisikika mchana kweupe.

Na bado zinapigwa Jumapili alasiri. Tulipofika saa tisa na nusu kulikuwa na wapigaji kama kumi wameketi kwa duara, wazee kwa vijana, na mtoto mmoja na debe lake. Mama alisimama pembeni, mkoba kwapani, kimya. Kidole kilianza kugonga mkoba. "Ile ndefu ndiyo msondo," alimwambia binti yangu. "Hizo ndogo ndiyo chapuo. Sikiliza, chapuo zinazungumza, msondo anajibu." Sijui ngoma zile zina majina gani kwa wenyewe. Lakini mzee mmoja wa duara alimwona yule bibi wa kanga na mtandio, akamsogezea kiti, na tukakaa hapo mpaka jua likashuka nyuma ya miti. Niliyokuwa nimeyapanga baada ya hapo niliyafuta yote.

Jioni ndipo tulipoagiza sahani nzima. Safari hii niliuliza kwanza, nikauliza tena, mpaka mpishi mwenyewe akatoka jikoni akanihakikishia: gumbo ya kamba na kaa, hakuna soseji, supu ni ya maganda ya kamba. Inaanza na unga unaokaangwa kwenye mafuta na kukorogwa bila kuachwa mpaka ufikie rangi ya udongo mwekundu, halafu kitunguu, halafu bamia. Neno lenyewe gumbo hurudishwa kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa ki-ngombo. Nilimweleza mama hayo. Hakushangaa hata kidogo, alikuwa ameshaiona bamia kwenye kijiko ikivuta uzi.

Alimaliza bakuli, akapanguza kwa mkate. Usiku hotelini nilimsikia akimpigia dada yake Tanga. "Ndiyo, tumekula bamia. Bamia kabisa. Wameitia unga, wameiharibu kidogo, lakini kaa wao wazuri." Kimya kidogo. "Hapana, mto uko juu. Juu, nakwambia. Unapanda ngazi."