Kwa nini Waingereza husafiri mbali kucheza mashindano madogo ya tenisi?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Moshi. Nimekuwa nikisoma habari za wachezaji wa tenisi wa Uingereza wanaokwenda Monastir, nchini Tunisia, kushindania zawadi ya dola 15,000, na wengi hutolewa mapema. Nchi yao ndiyo yenye mashindano makubwa ya Wimbledon. Wanatafuta nini huko? Binti yetu mwenye umri wa miaka 13 ameupenda mchezo huu kwa dhati, na baba yake anataka kuijua njia ya tenisi ya kulipwa kabla hatujatumia fedha zaidi. – Mama wa mchezaji, Moshi

JIBU: Mama, Waingereza hao wanafuata pointi. Kinachomfungulia mchezaji mlango wa mashindano makubwa ni nafasi yake kwenye orodha ya ubora wa dunia, na orodha hiyo hujengwa kwa pointi za majuma 52 yaliyopita. Zilizopita muda huo hufutika, hivyo hana budi kucheza tena na tena. Mashindano ya dola 15,000, yaliyo chini ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, ndiyo ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa: bingwa wake hupata pointi 15, ilhali bingwa wa Wimbledon hupata 2,000. Monastir huyaandaa karibu kila juma mahali pamoja, kwa hiyo aliyetolewa Jumanne anaweza kubaki na kuanza upya juma linalofuata bila kukata tiketi nyingine ya ndege. Huko Uingereza, hasa wakati wa baridi, nafasi za namna hiyo ni chache.

Kuhusu fedha, naomba baba yake asome hapa polepole. Dola 15,000 ni fungu la wachezaji wote, wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Kwa viwango vya wanaume vya miaka ya karibuni, bingwa wa mmoja mmoja hupata dola 2,160 na anayetolewa raundi ya kwanza dola 156, kabla ya kodi; kwa wanawake hali haitofautiani sana. Nauli, malazi, chakula na nyuzi za raketi kwa kawaida hutoka mfukoni mwa mchezaji. ITF ilipochunguza hesabu za mwaka 2013 ilikuta kwamba kati ya wachezaji wapatao 14,000, karibu nusu hawakupata hata senti moja ya zawadi, na kwamba mwanamke alihitaji kufika kwenye nafasi ya 253 hivi duniani ili mapato yake yalingane na gharama, tena bila kuhesabu malipo ya kocha. Uingereza ina nafuu moja kubwa: sehemu kubwa ya ziada ya mapato ya Wimbledon huenda kwa chama chao cha tenisi, LTA, ambacho hufadhili baadhi ya vijana. Sisi hatuna chemchemi kama hiyo, na inaniuma kila ninapoona mtoto mwenye kipaji akikwama kwa nauli.

Hata hivyo, njia ni hiyo hiyo kwa wote. Andy Murray wa Uingereza, aliyekuja kuwa bingwa wa Wimbledon, alitwaa taji lake la kwanza la wakubwa Glasgow mwaka 2003, akiwa na miaka 16, katika mashindano ya ngazi hii. Mwenzake Emma Raducanu alishinda mataji madogo Israel na Uturuki mwaka 2018, kisha Pune, India, mwaka 2019. Mwaka 2021 alianzia kwenye mchujo na kutwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya Marekani, US Open, bila kupoteza seti.

Binti yenu asikimbilie huko sasa, maana mashindano ya wakubwa huruhusiwa kuanzia miaka 14. Ya ITF ya vijana huanzia miaka 13, na Nairobi huyaandaa. Kwa basi la kupitia Namanga gharama inabebeka. Atakayepanda hadi 100 bora wa vijana duniani huweza kupata nafasi zilizotengwa kwa vijana katika mashindano ya dola 15,000.

Jambo moja ambalo wazazi wa Moshi hulisahau ni mwinuko. Kanuni za tenisi zina mpira maalumu kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa nyepesi huufanya mpira uruke zaidi. Moshi iko chini ya hapo. Arusha, Nairobi na Kigali ziko juu. Mleteni Arusha afanye mazoezi siku kadhaa kabla ya safari ya Nairobi, na kocha wake amfundishe kuzungusha mpira zaidi ili ushuke ndani ya mstari.