Muulize Bi Mkubwa wa Maabara: Protini imenasa, haibanduki

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi nasoma biokemia, kwetu Wete. Nilipitisha ute wa yai kwenye mrija wa shanga zenye lektini (protini inayoshika sukari) ya konkanavalini A, nipate ovalbumini, protini kuu ya ute huo. Kunasa imenasa, lakini nilipomimina maji ya glukosi ikatoka kidogo sana. Mwenzangu mmoja ananiambia nioshe kwa asidi. Mwengine anasema lektini ya kununua ya nini, na kokwa za fenesi tunazo tele. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa leo, wote wawili waache.

Utomvu wa fenesi ukikushika mikononi husugui kwa maji, unapaka mafuta. Na hapa tatizo ni ulichomimina. Konkanavalini A, ile aliyoipata mkemia James Sumner kwa umbo la fuwele mwaka 1919, hushika sukari iitwayo manosi, na glukosi huishika kwa ulegevu zaidi. Ovalbumini ina mnyororo wa sukari wenye manosi nyingi. Glukosi yako itaishindaje? Tena shanga zimejaa lektini: protini ikiachiwa na hii, inadakwa na ya jirani.

Tafuta methili-alfa-manosidi, sukari ya ukoo wa manosi, ndiyo iishinde. Anza na mola 0.2, ikigoma panda hadi 0.5. Ikishaingia, funga mrija uiache nusu saa au saa nzima ndipo ufungulie. Wanafunzi wengi wanamimina mfululizo kama wanamwagilia mchicha (na sukari yenyewe ghali!). Fanya kazi hiyo nje ya friji. Kwenye baridi hubanduka kwa shida.

Asidi inaweza kuitoa, sikatai, ila inaing'oa na lektini kwenye shanga. Ukiona kwenye jeli ya kupanga protini kwa ukubwa mstari wa karibu daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 26,000, chini ya ovalbumini yenye kama 45,000, hiyo ndiyo lektini yako inavuja. Na EDTA, kemikali inayonyakua madini, usiisogeze: lektini hii bila kalsiamu na manganizi haishiki kitu. Mimi hutumia bafa (maji ya kutuliza pH) ya Tris, pH 7.4, yenye milimola 1 ya kila kimoja, na chumvi mola 0.5 ili protini zisizo na sukari zisinate ovyo kwenye shanga. Bafa ya fosfati hapana, inaigandisha kalsiamu.

Shanga zenyewe ni agarosi, zao la mwani. Lakini si huu wanaoulima akina mama wa Paje, Unguja, huo hutoa karajinani.

Sasa fenesi. Kokwa zake kweli zina lektini, jakalini, na nzuri sana, ila kazi yake nyengine. Inapenda galaktosi iliyo kwenye minyororo ya sukari inayoning'inia kwenye serini na threonini, yaani baadhi ya amino asidi zinazojenga protini. Ya ovalbumini inaning'inia kwenye amino asidi nyengine, asparajini. Siku ukitaka IgA1, aina ya kingamwili, kutoka kwenye maji ya damu, hapo saga kokwa zako mbichi, na kuitoa utumie galaktosi au melibiosi, sukari yenye galaktosi ndani yake. Za kuchemsha kula tu.